Beni–Bunia: nusu saa angani isiwafiche viongozi hatari ya barabara

Toka uwanja wa ndege wa Mavivi, karibu na mji wa Beni jimboni Kivu Kaskazini, hadi uwanja wa ndege wa Bunia jimboni Ituri, kwa njia ya anga hazifiki kilometa 140. Ndege ndogo hutumia karibu nusu saa tu.

Kwa barabara, safari hiyohiyo ni karibu kilometa 200: barabara ya kitaifa nambari 4 kupitia Oicha, Eringeti na Luna hadi Komanda, kisha nambari 27 hadi Bunia. Kilometa 60 za ziada si kitu. Tatizo ni waasi wa ADF, ambao kwa miaka wamevizia magari, kuyachoma na kuua watu kati ya Eringeti na Komanda. Hata kusindikizwa na askari si kinga kamili. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa 2021, msafara wenye ulinzi ulishambuliwa karibu na Ofaye, wilayani Irumu. Magari yakachomwa, abiria wakatekwa.

Wapo wanaosema: anayeogopa barabara apande ndege. Hayo ni maneno ya mtu anayelipiwa tiketi na serikali. Mama anayeuza samaki wa Ziwa Albert toka Kasenyi au Tchomia hawezi kupakia vikapu vyake vyote ndani ya ndege ya viti vichache. Mkulima wa kakao vilevile. Dereva wa lori hana la kuchagua. Bidhaa zikikwama njiani, bei inapanda sokoni, na anayeilipa ni mkaaji ambaye hajawahi kukaa ndani ya ndege.

Tena, uwanja wenyewe wa Mavivi uko kando ya barabara hiyohiyo nambari 4, upande wa Oicha. Hata mwenye tiketi anaanza safari yake kwa njia ile anayodhani ameikwepa.

Tarehe 6 mwezi wa tano 2021, majimbo haya mawili yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi ili amani irudi. Mwisho wa mwaka huo jeshi la Uganda likaingia kusaidiana na FARDC. Wakaaji wana haki ya kuuliza swali moja: je, gari la abiria linaweza kutoka Beni asubuhi na kufika Bunia bila watu kuhesabiana kama wote wamo? Siku jibu litakapokuwa ndiyo, hakuna atakayehitaji hotuba.

Kwa hiyo maliwali, wabunge na makamanda wanaokwenda kati ya miji hii miwili waache ndege angalau mara moja kwa mwezi. Wapande gari pamoja na abiria, ndani ya msafara wa kawaida, bila kuongezewa askari kwa siku hiyo tu. Siku na saa za msafara zijulikane kwa madereva wote, na askari wakae kwenye vituo vyao, si kupita na kuondoka. Na asiwepo wa kutoza feza madereva kwa jina la ulinzi.

Kiongozi anayepita juu ya Eringeti kwa dakika chache haoni magari yaliyochomwa. Anaona miti tu, kisha anashuka Bunia na kutangaza kwamba hali ni tulivu.