Marehemu Alipatwa na Changamoto

Nina ugomvi na neno moja la Kiswahili, na kwa kuwa gazeti hili ni letu sisi vijana tusio na mahali pengine pa kusemea, naomba nafasi nilishitaki hapahapa. Neno lenyewe ni changamoto. Msicheke. Neno hili limezika watu wengi huku kwetu mlimani kuliko wachimba makaburi wote wa Kibosho na Uru wakijumlishwa pamoja, na bado linatembea huru, limevaa suti, linaalikwa kwenye semina na kupewa bahasha.

Shuleni tulifundishwa kwamba changamoto ni kitu kinachomsukuma mtu ajitahidi zaidi. Siku hizi daladala ikitumbukia korongoni, hiyo ni changamoto ya usafiri. Bomba likikauka wiki mbili, changamoto ya maji. Mkubwa akila fedha za zahanati, changamoto ya kimahesabu. Sawa, hayo tumeshayazoea, mlalahoi hana pa kukata rufaa. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2021 neno hili lilipanda cheo. Likapewa msaidizi, likaitwa changamoto ya upumuaji, na likaanza kuua.

Nakumbuka msiba mmoja Kibosho, mwezi Februari mwaka huo. Turubai limefungwa katikati ya migomba, kaburi liko tayari pale kihambani, watu wamejaa hadi barabarani. Msoma wasifu, kijana mtanashati kutoka Dar, akasoma kwamba marehemu alizaliwa, akasoma, akaoa, akafanya kazi, na hatimaye "akapatwa na changamoto ya upumuaji". Bibi mmoja aliyekaa jirani yangu akanivuta shati.

"Mwanangu, amesema mzee ameuawa na nini?"

"Kupumua, bibi."

Bibi akatafakari, akajifunga kitenge vizuri. "Kupumua? Basi hapa hatutapona hata mmoja."

Ndugu msomaji, katika mwaka ule mzima sikusikia taarifa ya habari iliyokuwa na ukweli zaidi ya ile ya bibi.

Kwa wale ambao walikuwa wadogo, au wamejifanya kusahau, hebu turudi nyuma kidogo. Ugonjwa haukuja kwa siri. Tarehe 15 Machi 2020 abiria mmoja kutoka Ubelgiji alishuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, na kesho yake Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba tumempata mgonjwa wa kwanza. Sisi watu wa Kilimanjaro tunapenda sana kuwa wa kwanza: kwanza shule, kwanza duka, kwanza kahawa. Safari hii tuliipata namba moja bila kugombea, ingawa kwa kuwa abiria yule alikwenda zake Arusha, wenzetu wa kule walitunyang'anya sifa hata hiyo. Tarehe 17 Waziri Mkuu akafunga shule. Mimi nilikuwa kidato cha nne, nikashangilia kwa kelele hadi mama akanitupia mwiko.

Mwanzoni tulikuwa tunaogopa kama watu wenye akili. Stendi ya Moshi ikapata ndoo za maji na sabuni, konda anakuamuru unawe kabla hujapanda, halafu anakubana katikati ya watu watano kwenye siti ya watu wanne. Salamu za mikono zikaisha, zikaja za viwiko na za miguu. Wazee wawili walitegana pale Mnara wa Saa wakaanguka wote. Huko vijijini hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ya mbege. Utamwambiaje mzee wa Kichaga anywe na kata yake peke yake? Kata ya mbege inazunguka, huo ndio ukoo. Kilabuni kwetu wazee walikaa kikao, wakapima mambo, wakaamua kwamba kirusi hakiwezi kuishi ndani ya ndizi na ulezi uliochacha. Azimio likapitishwa kwa kunywa.

Mjomba wangu ana meza ya mitumba soko la Memorial, na shule zilipofungwa nilikuwa namsaidia. Ndege za kimataifa zilisimamishwa tarehe 12 Aprili hadi tarehe 18 Mei. Mji huu unakula mlima, msisahau. Mgeni asipopanda, mpagazi hali, mpishi hali, mwenye gesti hali, na mama ntilie anayewalisha hao wote anafunika sufuria. Wapagazi wakaanza kutuletea viatu vya barafu. Meza nzima ikajaa mabuti ya kwendea kileleni, katikati ya joto la Moshi mjini, na mnunuzi hakuna. Mjomba alikuwa anapiga kelele, "Viatu vya theluji! Wahi, theluji inakuja Pasua!"

Halafu nchi ikabadilika ghafla. Tuliambiwa tusali siku tatu, kuanzia tarehe 17 Aprili. Tukasali. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli akaeleza kwamba maabara ilipelekewa sampuli za mbuzi na papai bila kuambiwa ni za nini, na majibu yakarudi kwamba vimeambukizwa. Papai lilikuwa limepewa jina la kike na umri wa miaka 26. Sisi vijana wa kijiweni hapo tukapata kazi ya wiki nzima. Tukawa tunapita mashambani tunayaamkia mapapai shikamoo, maana yanatuzidi umri. Mshikaji wangu mmoja alitaka kupeleka posa. Siku chache baadaye ikaja dawa ya majani kutoka Madagaska, waziri mzima aliifuata kwa ndege. Mwezi Juni tukatangaziwa, tena kanisani, kwamba ugonjwa umeondoka. Shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni.

Mnaona ninavyocheka. Kicheko sikikatai. Kwa miezi kadhaa utani wa kijiweni ndio ulikuwa gazeti letu la pekee lisilopunguzwa maneno, maana magazeti yenyewe yalishajifunza adabu. Aprili 2020 gazeti la Mwananchi lilifungiwa leseni ya mtandaoni kwa miezi sita na kutozwa faini ya shilingi milioni 5, kisa picha ya zamani ya Rais akinunua samaki. Samaki! Julai mwaka huohuo zikatoka kanuni zinazokataza kusambaza mtandaoni habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali cha wakubwa. Kwa hiyo mwandishi wa habari mwenye watoto wa kulisha alifanya nini? Aliandika changamoto.

Na hesabu ikasimama. Hapa naomba tuache kucheka kidogo. Mwezi Mei 2020 takwimu za nchi zilifika wagonjwa 509 na vifo 21, zikagandia hapo. Mwaka mzima na zaidi, dunia inahesabu, majirani wanahesabu, sisi ni 21.

Sasa sikilizeni. Tarehe 1 Februari 2020, wiki sita kabla ya yule abiria wa Ubelgiji, hapa hapa Moshi, uwanja wa Majengo, watu walikanyagana jioni wakikimbilia kupita kwenye mafuta ya upako. Walikufa 20. Kesho yake tulishajua idadi. Serikali ilihesabu, polisi walihesabu, redio zikasema: 20. Hakuna aliyesema walipata changamoto ya kutembea. Na tarehe 21 Machi 2021, Dar es Salaam, watu walipokanyagana uwanja wa Uhuru wakimuaga Rais Magufuli, aliyefariki siku nne kabla, walikufa 45, na hao nao wakahesabiwa na kutangazwa. Kwa hiyo kuhesabu tunajua! Mikono tunayo, vidole tunavyo. Lakini nataka mtu yeyote aliyesoma hesabu hata za darasa la nne anieleze: jioni moja ya Majengo ilichukua watu 20, na ugonjwa uliotikisa dunia, kwa nchi nzima, kwa mwaka mzima, ukachukua 21? Korona ilikuwa na huruma kiasi hicho?

Waliozika wanajua. Januari na Februari 2021 kengele za makanisa huku juu zilikuwa hazipumziki. Kanisa Katoliki lenyewe lilichoka. Padre Charles Kitima, katibu wa Baraza la Maaskofu, alisema mwezi Machi kwamba katika muda wa miezi miwili wamefariki zaidi ya mapadre 25 na masista 60. Kilema, Kibosho na Rombo ndiko wanakozaliwa mapadre kama migomba, kwa hiyo msiniambie hayo yalikuwa ya mbali. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari. Chama chake kilikuwa kimetamka wazi kwamba aliugua korona, na naweka hapa kumbukumbu kwamba lile lilikuwa tendo la ushujaa wa lugha. Katika wiki hiyohiyo uvumi ukamzika Waziri wa Fedha, Philip Mpango, naye ikabidi atoke mbele ya waandishi pale hospitali Dodoma kuthibitisha kwamba yu hai. Alithibitisha kwa kukohoa mfululizo, bila barakoa. Wizara ya Afya nayo ilikuwa imetuonyesha, tarehe 1 Februari, jinsi ya kusaga tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Sina ugomvi na tangawizi. Bibi yangu alitupigisha nyungu ya mikaratusi tukiwa wadogo na mafua yalikoma. Lakini bibi alipotufunika blanketi alisema, "Mna mafua." Alitaja jina.

Najua kuna wenzangu watasema kwamba sisi hatukufungiwa ndani, uchumi uliokolewa. Hilo nawapa. Kenya waliwekewa amri ya kutotoka usiku na virungu juu. Uganda walifunga shule wakazifungua kikamilifu Januari 2022, watoto wamekuwa watu wazima. Mama ntilie wa Double Road angefungiwa wiki mbili, watoto wake wangekufa kabla kirusi hakijajua anuani yao. Kufunga au kutofunga ni ubishi mkubwa na wenye akili kunizidi waendelee nao. Mimi natetea haki ndogo zaidi, ya mtu aliyekufa kutajwa alichokufa nacho. Kutaja hakugharimu hata shilingi kumi.

Na hapa ndipo ninapowafikia nyinyi, waandishi wenzangu, maana serikali angalau ilikuja kubadilika. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kusikika tena katikati ya mwaka 2021, na tarehe 28 Julai alichanjwa mbele ya kamera. Serikali iligeuka. Sisi je? Nimesoma miswada ya kikundi chetu, na mingine iliyochapwa, zaidi ya ishirini. Nimekuta mapenzi ya chuoni, mchawi wa Rombo, binti wa tajiri anayempenda muuza magazeti (jamani, huyu binti mnamtoa wapi? Mimi nauza mitumba, hajawahi kupita). Lakini mwaka 2020 na 2021 katika fasihi yetu haupo. Wahusika wanatoka 2019 wanaruka kama panzi, wanatua 2022, wamenenepa, hakuna aliyefiwa. Mmoja tu aliyethubutu ameandika kwamba baba wa mhusika "alipatwa na changamoto za kiafya". Riwaya, ndugu zangu! Mahali ambapo hakuna kanuni ya kibali, hakuna faini ya milioni 5, mtu anajifungia mdomo mwenyewe na ufunguo anaumeza.

Mzee mmoja wa fasihi, anayeheshimika mjini hapa na nisiyemtaja, alisoma sura zangu tatu za mwanzo akanirudishia. "Kijana, una kalamu. Lakini mambo ya korona yamepitwa na wakati, wasomaji wanataka mapenzi." Nikamwambia, shikamoo mzee, nikaondoka, kwa sababu nimelelewa. Lakini hapa niko kwenye karatasi, sina wa kumwamkia. Yamepitwa na wakati kwa nani? Yule mama wa Uru ambaye mumewe aliondoka Mbuyuni na mzigo wa ndizi Jumatatu, akazikwa Jumamosi, kwake yamepitwa? Yeye halimi tena ile nusu ya kihamba. Watoto wake wakijaza fomu shuleni penye "sababu ya kifo cha mzazi" wanaandika nini? Hayo si mapenzi? Mwanamke anayemkanda mumewe mgongo usiku kucha kwa sababu hospitali anaiogopa na pumzi inakata, hayo mnayaita nini?

Kezilahabi alifariki Januari 2020, miezi miwili kabla ugonjwa haujatua. Hatatuandikia riwaya ya miaka ile. Wengine wakubwa wamenyamaza. Kwa hiyo kazi imeangukia kwa watu wa daraja la tatu na la nne kama sisi, na tunaikimbia.

Sura ya tatu ya mswada wangu inaanza na tangazo la msiba. Nimeliandika mara tano. Kila nikifika mahali pa ugonjwa mkono unajiendea wenyewe kwenye lile neno, maana ndivyo ulivyozoezwa, nami nalikata. Sasa pameandikwa korona, herufi sita, na tarehe. Atakayetaka kulirudisha lile jingine aje tubishane. Nipo Memorial kila siku isipokuwa Jumapili, meza ya viatu. Mabuti ya theluji bado yapo jozi mbili.