Mambo ya Baharini: Usukani Ukikataa Kutii

Dereva wa lori ashukaye mteremko wa Mai Mahiu, akiona usukani umelegea mikononi mwake, hukanyaga breki na kumwomba Mungu. Nahodha hana breki. Meli kubwa ya shehena ikiwa katika mwendo wake, hata mitambo ikizimwa, huendelea kukata maji kwa masafa marefu, na usukani uliokataa kutii huipeleka unakotaka wenyewe. Kwa hiyo mkulima ambaye kahawa yake imekwisha pakiwa Kilindini, na karani aliyeziandika hati zake, wana haki ya kujua mabaharia hufanya nini saa ile.

Wengi hudhani ya kuwa gurudumu la mshika usukani ndilo ligeuzalo meli. Sivyo. Gurudumu lile hupeleka amri tu, kwa nguvu za umeme, mpaka tezini, nyuma kabisa ya meli. Huko, katika chumba kilicho juu ya usukani, mna pampu zisukumazo mafuta katika mabomba kwa nguvu nyingi, na mafuta hayo huisukuma kana, yaani mkono wa chuma ulioshika mhimili wa usukani. Waya wa amri ukikatika, dawa yake ni nyepesi: watu hukimbilia tezini, wakaziendesha pampu papo hapo kwa mikono yao, nahodha akiwaamuru kwa simu. Lakini bomba likipasuka, na pampu zote zanywa mafuta ya bomba hilo hilo, hiyo ni habari nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa meli ya mafuta Amoco Cadiz, tarehe 16 Machi 1978, karibu na pwani ya Brittany katika Ufaransa. Urefu wake ulipita mita 330, nayo ilitoka Ghuba ya Uajemi imejaa mafuta. Yapata saa nne kasorobo asubuhi, katika dhoruba, kiungo cha bomba la mtambo wa usukani kiliachia, mafuta yakamwagika. Mainjinia walijaribu kuziba, wakashindwa. Walijaribu kuufunga usukani usichezecheze, mawimbi yakawashinda nguvu. Meli ya kuvuta, Pacific ya Wajerumani, ilikuja kusaidia, lakini kamba yake ikakatika, na ya pili haikufaa kitu. Saa tatu usiku Amoco Cadiz ilikuwa juu ya miamba ya Portsall. Mabaharia waliokolewa kwa helikopta. Tani zipatazo 220,000 za mafuta ziliingia baharini, zikachafua pwani kwa zaidi ya kilomita 300, na wavuvi na wafugaji wa chaza wakapoteza riziki yao. Mwaka 1984 hakimu wa Chicago aliona kwamba wenye meli walikuwa na hatia, kwa kutoutunza vema mtambo ule na kwa kutowafundisha watu wao ipasavyo.

Sheria za kimataifa zikabadilishwa upesi, jambo lisilo la kawaida kwa sheria za bahari. Meli za mafuta zilizo kubwa zikatakiwa ziwe na mtambo ambao, sehemu moja ikiharibika, usukani urudi kutii kabla ya sekunde 45 kupita. Kila meli ipimwe usukani katika saa 12 kabla ya kung'oa nanga. Tena mazoezi ya kuendesha meli kutoka tezini yafanywe angalau mara moja kila miezi mitatu, na simu ijaribiwe, na umeme wa akiba pia.

Chuma, basi, kimetengenezwa. Lililosalia ni watu, na hapo ndipo penye udhaifu. Zoezi likifanywa mchana, bahari imetulia, kwa watu wale wale waliokwisha ambiwa tangu jana, huandikwa kitabuni kuwa limefanywa, wala si uongo. Lakini halimfundishi mtu kitu. Usukani hauchagui saa. Afadhali zoezi moja litangazwe usiku wa manane, injinia wa pili awe kitandani, na saa ishikwe mkononi kuhesabu dakika mpaka amri ya kwanza itakapotiiwa.

Kuna mambo madogo yanayoonekana ya kitoto mpaka siku ya shida. Aliye tezini mara nyingine husimama ameelekea nyuma ya meli, na kushoto kwake ni kulia kwa nahodha. Mshale mkubwa wa rangi ukutani humwondolea mashaka. Kelele za pampu huzima sauti ya simu, kwa hiyo yafaa simu ya kuvaa masikioni, na kila amri irudiwe neno kwa neno kabla ya kufuatwa. Yapasa pia kupatana mapema: je, nahodha atataja nyuzi za usukani, au atataja mwelekeo wa dira na kumwachia mtu wa tezini aufuate? Meli imeyumba mpaka ikakaribia nyingine kwa sababu tu ya kutokupatana hivyo. Na huku watu wakishuka ngazi, wa juu wapunguze mwendo, wawashe taa mbili nyekundu moja juu ya mwenzake ili meli nyingine zijue kwamba hii haijiwezi, na serahangi awe tayari penye nanga.

Katika mlango mwembamba wa bandari hata mazoezi mema huenda yasiwahi. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, meli Dali ilizimikiwa umeme ikitoka Baltimore, Marekani. Nanga iliteremshwa, lakini dakika zilikuwa chache mno, ikaligonga daraja la Francis Scott Key, na mafundi sita wa barabara wakafa. Ndiyo sababu sheria yataka pampu zaidi ya moja ziendeshwe pamoja mahali penye hatari, na manahodha waangalifu huweka mtu karibu na chumba cha tezi kabla rubani hajapanda.

Mkaguzi wa bandari naye ana uwezo wa kupanda meli ya kigeni na kutaka zoezi lifanywe mbele ya macho yake. Akiridhika na kitabu peke yake, ataona mwandiko mzuri. Akimwomba baharia aliye kijana kuliko wote ashuke tezini, ashike simu na kuugeuza usukani nyuzi kumi kushoto, ataona meli yenyewe.