Kiswahili Ndani ya Seva: Zaidi ya Suala la Istilahi

Mjadala juu ya Kiswahili na kompyuta umeelemea mno upande wa istilahi. Wataalamu wamebishana kama chombo hiki kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Na mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi hizo zina thamani yake. Hata hivyo, zimeshughulikia yale yanayoonekana kwenye skrini. Lugha hukubaliwa au kukataliwa nyuma zaidi, katika faili la usanidi wa seva, na huko wanaisimu ni nadra kufika.

Mfano mzuri ni Apache, seva ya wavuti iliyoanza mwaka 1995 na inayotumika sana katika mifumo ya jamii ya Unix. Seva hii huweza kuwekewa ukurasa mmoja katika lugha kadhaa, tuseme “habari.html.en” na “habari.html.sw”, ikampa kila msomaji lugha iliyoombwa na kivinjari chake. Faili la lugha linaloambatana na programu hiyo limeorodhesha lugha zaidi ya 20. Kimo Kikatalani, imo lugha ya Luxembourg, kimo hata Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na mtu mmoja. Kiswahili hakimo. Na kwa kanuni za kawaida za seva hii, faili lenye kiambishi kisichotambuliwa halihesabiwi katika uteuzi. Kwa hiyo tafsiri yaweza kuwapo, msomaji akaiomba, naye akapewa Kiingereza.

Dawa yake ni mstari mmoja: “AddLanguage sw .sw”. Kisha msimamizi hana budi kuiruhusu “MultiViews” kwa jina lake, kwani “Options All” haiijumuishi (neno “yote” hapa halina maana ya yote). Linalobaki ni “LanguagePriority”, yaani mpangilio wa lugha kwa msomaji ambaye kivinjari chake hakikutaja chaguo. Hapa ndipo penye uzito. Msimamizi anayenakili mpangilio unaotangulizwa Kiingereza amekwisha kutunga sera ya lugha ya chuo kizima, pasipo kikao wala kumbukumbu.

Itapingwa kwamba tovuti nyingi za leo huchagua lugha kwa kitufe, na kwamba wasemaji wengi wa Kiswahili wameziacha simu zao katika Kiingereza. Pingamizi la pili ni zito, maana kivinjari cha namna hiyo huomba Kiingereza na seva hutii. Lakini hilo ladai wasomaji waelekezwe kubadili mpangilio wa simu. Halihalalishi seva kumnyima yule aliyekwisha kuubadili. Idara za Kiswahili zaweza kuanza na seva za vyuo vyao wenyewe, ambako ruhusa ya kuandika mstari huo huombwa jengo la pili tu.