Kasongo na Kabambare: kufuli la simu na msimbo wa zamani usioelezwa

Mfanyabiashara wa Kasongo akifungua tovuti ya benki kwa simu, katika baadhi ya vivinjari alama ndogo ya kufuli hutokea kwenye kioo. Kwa wakaaji wa kusini mwa Maniema, kutoka Kasongo hadi Kabambare, ambako barabara ni mbaya na benki ni chache, pesa na siri nyingi hupita nyuma ya alama hiyo. Kazi ya kuzificha hufanywa na maktaba za programu. Inayojulikana zaidi ni OpenSSL, iliyoanza mwaka 1998.

Aprili 2014 kasoro iitwayo Heartbleed ilitangazwa ndani ya OpenSSL. Mtu wa mbali aliweza kusoma kumbukumbu ya seva, pamoja na maneno ya siri. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Wakati huo maktaba ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu, na michango ya karibu dola 2,000 kwa mwaka: bei ya pikipiki moja au mbili, kwa kitu kilicholinda sehemu kubwa ya intaneti.

Wahandisi wa OpenBSD waliamua kufagia. Walianzisha LibreSSL na katika wiki ya kwanza wakaondoa mistari ya msimbo ipatayo 90,000, mingine ikihudumia mashine zilizokwisha kusahaulika.

Lakini kufuta bila maelezo kuna bei yake. Mwaka 2006, fundi wa Debian aliondoa mistari miwili ya OpenSSL kwa sababu chombo cha kukagua kiliilalamikia. Hakuna maelezo yaliyoonyesha wazi kwamba mmoja wao ndio ulioleta bahati nasibu ya kutengeneza funguo. Hadi Mei 2008, funguo za kila aina na ukubwa hazikuzidi 32,768, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huijaribu yote kwa muda mfupi. Laiti msimbo ungekuwa na sentensi moja ya kueleza, huenda fundi huyo angeuacha.

Marekebisho yakishafanywa, hubaki safari ya kufika Kabambare. Heartbleed iligusa hata Android 4.1.1, na simu ya zamani ambayo kampuni yake imeacha kuitumia masasisho hubaki na maktaba yake ya zamani. Programu kama WhatsApp hubeba maktaba zake zenyewe; kuisasisha hula mega, na wengi huahirisha hadi mwisho wa mwezi.