Libreto Si Kapu la Nyimbo

Wapenzi wengi wa muziki huamini kwamba libreto, yaani maandishi ya opera au ya tamthilia ya muziki, ni kapu tu la kubebea nyimbo: mboga zikishafika jikoni, kapu linatundikwa. Hoja yao si ya kipuuzi. Wapo wasiojua neno la Kiitaliano ambao hulia wakisikiliza opera za Verdi. Na hapa kwetu Katanga, Missa Luba, iliyoanzia Kamina mwaka 1958 kwa Padri Guido Haazen, ilivuma duniani ingawa maneno ni yaleyale ya misa ya Kilatini. Kilichokuwa kipya ni sauti na ngoma. Tena kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijijengea jina kwa maigizo ya Kiswahili bila kuandikiwa kila neno.

Nayakubali yote hayo. Lakini yanathibitisha tu kwamba muziki una nguvu, jambo ambalo hakuna anayelipinga.

Kwanza, tuwatazame waliokuwa na sababu ya kuiogopa opera. Wakaguzi wa serikali ya Austria huko Venice walipoikataa kazi ya Verdi iliyokuja kuitwa Rigoletto, hawakulalamikia muziki. Walilalamikia kisa: mfalme mzinzi, na laana juu yake. Mwandishi wa libreto, Francesco Maria Piave, ilimbidi amgeuze mfalme wa Ufaransa kuwa mtawala wa Mantua, ndipo opera ikaonyeshwa mwaka 1851. Wakubwa wanajua pa kupekua.

Pili, na hapa nitakaa kidogo, kuna ajali ya Kabwe. Tarehe 20 Februari 2019, kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori la asidi ya salfa liligongana na basi. Asidi hiyo ndiyo inayotumika migodini kutoa shaba na kobalti kwenye mawe. Siku ile iliwamwagikia watu, na wapatao 20 wakafa. Januari 2024 jumba la Grand Théâtre de Genève likaonyesha opera Justice, inayohusu ajali hiyo: muziki wa Hèctor Parra, uongozaji wa Milo Rau, libreto ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi aliyeandika Tram 83.

Sasa ondoa maneno, ubaki na okestra. Ngoma zitakupa mshindo, fidla zitakupa kilio. Kilio cha nani? Okestra haiwezi kusema lori lilibeba nini, wala kama fidia imefika. Ni Mwanza Mujila, akifuata kisa alichobuni Rau, aliyeikutanisha karamu ya kampuni inayosherehekea shule mpya na dereva, mama aliyefiwa na mtoto, na kijana aliyepoteza miguu, ambaye Mkongo Serge Kakudji alimwimba kwa sauti yake ya juu. Nani aseme, na amfuate nani: kazi hiyo haifanywi na fidla.

Bado mtu atasema kwamba libreto ukiisoma kimya ni nyepesi, inarudiarudia. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Sentensi ya kuimbwa huchukua muda mrefu kuliko ya kusemwa, na mshairi anayeujaza mstari humnyima mtunzi pumzi. Mwanza Mujila ana mwalimu wa karibu: kasala, ushairi wa Waluba wa kutaja majina, kusifu na kuomboleza. Mama anayelirudia jina la marehemu mara kumi msibani, nani atamwambia ameishiwa maneno?

Tatu ni suala la pesa. Okestra ya Geneva haitakuja Kabwe kesho. Libreto inaingia mfukoni. Vijana wa maigizo wa Kolwezi, wakipewa ruhusa, wanaweza kuitia katika Kiswahili chao na kuicheza bila fidla hata moja, na mtazamaji wa Fungurume akajua nani anamdai nani. Jaribu kufanya hivyo kwa noti za Parra peke yake, uone kama kuna atakayejua kwamba zinahusu barabara anayopita kila wiki.