Mlandege: Kwa nini timu ya mtaa inaweza kuifunga Simba, lakini inapata tabu kubaki juu?

Msikilizaji, mpira wa visiwani husikika zaidi mwezi Januari, wakati wa Kombe la Mapinduzi. Simba, Yanga na Azam zikivuka bahari kwenda Unguja, redio zote zinatangaza. Zikirudi bara, Ligi Kuu ya Zanzibar inabaki na watu wake. Ndiyo maana wengi waliuliza swali moja mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2024: hii Mlandege ni timu gani?

Makala hii inajibu swali hilo. Pia inaeleza kwa nini klabu hii imekuwa ikipanda na kushuka, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata mtu mwenye timu ya kijiji isiyo na kiwanja cha maana.

Imetoka wapi?

Mlandege ni mtaa wa mjini Unguja, jirani na Darajani, na timu imebeba jina la mtaa huo. Si timu ya kampuni wala ya jeshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa moja ya timu kubwa Zanzibar na ilichukua ubingwa zaidi ya mara moja. Kisha ikapotea kwenye orodha ya mabingwa kwa karibu miaka 20, hadi ilipotwaa tena ligi mwaka 2020.

Januari 2023, kwenye Kombe la Mapinduzi, Mlandege iliifunga Simba bao 1-0 katika hatua ya makundi. Ikafika fainali, ikaifunga Singida Big Stars mabao 2-1 na kubeba kombe. Wapo waliosema ni bahati. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Januari 2024, ilikutana na Simba yenyewe kwenye fainali katika uwanja wa Amaan uliokuwa umetoka kukarabatiwa. Ikashinda tena 1-0.

Tuseme ukweli wote. Siku ya fainali hiyo ndiyo siku ambayo Kombe la Mataifa ya Afrika lilifunguliwa nchini Ivory Coast, na Taifa Stars ilikuwa huko. Simba haikuwa na baadhi ya wachezaji wake wa timu ya taifa. Lakini kombe ni kombe. Mlandege ilicheza na waliokuwepo uwanjani na ikawafunga.

Kombe ndiyo, ligi hapana

Hapa pana jambo la kufikiria. Katika misimu hiyo miwili ambayo Mlandege ilibeba Kombe la Mapinduzi, haikuwa bingwa wa ligi ya nyumbani. Msimu wa 2022/23 bingwa alikuwa KMKM. Msimu wa 2023/24 akawa JKU. Timu iliyoifunga Simba ilishindwa kuzipita timu za visiwani kwake.

Kwa nini? Kombe la Mapinduzi huchezwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Kwa wiki mbili, mtaa mzima unaweza kujichanga. Mwenye duka atatoa chochote, mwenye gari atabeba wachezaji, na vijana wenyewe watavumilia bila posho kwa sababu mechi inaonekana kwenye televisheni na huenda kuna mtu wa klabu kubwa anawaangalia.

Ligi haiendi hivyo. Ligi ni mechi 30. Kuna safari za boti kati ya Unguja na Pemba, kuna majeruhi wa kutibiwa, kuna mwezi ambao hakuna aliyekumbuka kuichangia timu. Katika ligi mshindi hupatikana kwa uwezo wa kula na kusafiri mwezi hadi mwezi, zaidi ya ari ya siku moja.

Wapinzani wake ni akina nani?

Angalia majina. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi. Mafunzo ni timu ya chuo cha mafunzo, yaani magereza. Zimamoto jina linajieleza. KVZ ni Kikosi cha Valantia. Hivi ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ongeza hapo Polisi na Uhamiaji.

Kuanzia mwaka 2013 hadi 2019 mabingwa wote wa Zanzibar walitoka kwenye vikosi: KMKM, Mafunzo, Zimamoto na JKU walipokezana. Sababu haina siri. Kijana mwenye kipaji akisajiliwa na timu ya kikosi anaweza kupata ajira. Maana yake ni mshahara kila mwezi, na pengine kazi itakayobaki hata goti likivunjika. Timu ya mtaa inaweza kumuahidi nini cha kulingana na hicho? Jezi, nauli, na fungu kidogo siku wakishinda. Wewe ungekuwa mzazi wa kijana huyo ungemshauri aende wapi?

Hii haina maana kwamba timu za vikosi ni adui wa mpira. Bila vikosi, vijana wengi wa Unguja na Pemba wangeacha soka mapema na kutafuta riziki kwingine. Fedha ya vikosi ndiyo iliyoifanya ligi iendelee kusimama miaka ambayo wadhamini walikuwa wachache. Hata hivyo, ligi ambayo bingwa wake anaamuliwa na nani ana nafasi za ajira inawaachia watu wa mitaani nafasi ndogo. Na mpira wa Zanzibar ulijengwa na mitaa: Malindi, Miembeni, Mlandege.

Kwa hiyo ubingwa wa ligi ambao Mlandege iliuchukua msimu wa 2024/25 ni mzito kuliko makombe mawili ya Mapinduzi, ingawa ulizungumzwa kidogo zaidi bara. Huo haukuwa ushindi wa wiki mbili. Ulitaka timu ya mtaa ivumilie msimu mzima mbele ya timu za vikosi.

Kisha ikaja Afrika

Bingwa wa Zanzibar hucheza Ligi ya Mabingwa Afrika. Mlandege ikapangwa na Ethiopian Insurance ya Ethiopia katika msimu wa 2025/26, na ikatolewa katika raundi ya kwanza tu. KMKM, iliyokuwa Kombe la Shirikisho, ilivuka raundi ya kwanza, halafu ikakutana na Azam ya Dar es Salaam. Jumla ya mechi mbili ikawa mabao 9-0 kwa Azam. Kwa Azam ilikuwa furaha ya kuingia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Kwa KMKM ilikuwa kioo. Safari ya boti kati ya Dar na Unguja ni saa mbili hivi, lakini kwa fedha klabu hizi zina umbali mkubwa mno.

Gharama ndiyo inayoziua klabu hizi kabla ya mechi kuanza. Tiketi za ndege za watu 25 au 30, hoteli, chakula, na kuwapokea wageni kwako. CAF iliona tatizo hilo, na katika msimu wa 2023/24 ikaanza kuzipa klabu za hatua za awali fedha, wakati huo dola 50,000. Ni msaada, lakini hautoshi kujenga timu. Mwaka 2024, JKU ilipopangwa na Pyramids, mechi zote mbili zilichezwa Misri, hata ile ambayo JKU ilihesabiwa kuwa mwenyeji.

Na uwanja upo. Amaan mpya ulipokea fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco Mei 2025, na Agosti mwaka huo ukapokea mechi za CHAN. Uwanja wa visiwani umefika fainali ya Afrika. Klabu za visiwani bado zinahangaika kwenye raundi za awali.

Suala la uanachama

Msikilizaji mmoja mmoja huuliza: Zanzibar ina timu yake ya taifa, Zanzibar Heroes, na klabu zake zinacheza Afrika, mbona haimo FIFA? Jibu ni kwamba FIFA inaitambua Tanzania moja, kupitia TFF. Machi 2017, mkutano wa CAF mjini Addis Ababa uliipa Zanzibar uanachama kamili, wa 55. Furaha ilidumu miezi minne. Julai mwaka huohuo CAF ikaufuta, ikisema haiwezi kupokea mashirikisho mawili kutoka nchi moja.

Tunaweza kubishana kuhusu siasa yake, lakini athari yake kwa mpira ni ya wazi. Fedha za maendeleo za FIFA haziji moja kwa moja kwa shirikisho la Zanzibar, ZFF. Zinapitia TFF. Timu kama Mlandege iko mwisho wa bomba refu, na maji yanayofika huko ni machache.

Vijana wanaondoka

Jambo jingine ni wachezaji. Feisal Salum aliondoka JKU akaenda kung'ara Yanga, kisha Azam. Ibrahim Hamad, maarufu Bacca, alitoka KMKM kwenda Yanga Januari 2022 na sasa ni beki wa Taifa Stars. Hao wametoka kwenye vikosi vyenye uwezo. Ikiwa KMKM haiwezi kumzuia mchezaji, timu ya mtaa itamzuiaje?

Kuondoka kwa kijana si kosa. Ni riziki yake. Hasara inakuja pale klabu iliyomlea haipati kitu kwa sababu haikuwa na mkataba wa maandishi.

Hili linakuhusu vipi?

Popote ulipo, iwe Micheweni, Makunduchi, Pangani au Mafia, kuna timu ya kijiji inayoishi kama Mlandege ilivyoishi miaka yake ya ukimya: jina kubwa, daftari la wanachama lililopotea, na mtu mmoja mwenye moyo anayenunua mipira kwa fedha zake. Mtu huyo akichoka au akifariki, timu inakufa naye.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yako ndani ya uwezo wa timu ndogo hata bila mdhamini. La kwanza ni ada ndogo ya mwanachama kila mwezi, hata shilingi 1,000, badala ya kusubiri mchango wa siku ya mechi. La pili ni mkataba wa maandishi na kila mchezaji, ukisainiwa na mzazi kama ni mtoto. La tatu ni hesabu kusomwa mbele ya watu, ili mwenye duka akitoa leo apate moyo wa kutoa kesho.

Mlandege imeshathibitisha kwamba mtaa unaweza kumfunga mkubwa. Swali lililobaki ni la ligi za misimu ijayo: je, itakuwa bingwa tena ndani ya miaka miwili au mitatu, au tutasubiri mingine karibu 20? Usiangalie Januari peke yake. Angalia msimamo wa ligi mwezi Machi na Aprili, makombe yakishasahaulika na posho zikiwa zimechelewa.