Namba ya tochi haijitoshelezi
Na Evodius Bahati

Barabara itokayo Lusahunga wilayani Biharamulo kupitia Nyakahura hadi daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, hubeba kwa pamoja malori ya mizigo ya bandari ya Dar es Salaam, mabasi, magari madogo na bodaboda, juu ya lami inayopanda na kushuka vilima. Kwa hiyo wakazi wa Nyakisasa na kata nyingine za Ngara na Biharamulo wanaoitegemea wana haki ya kutaka mwendo udhibitiwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na nje ya maeneo hayo kilomita 80 kwa mabasi ya abiria na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Kinachobishaniwa kando ya barabara mara nyingi si kikomo hicho, bali ni namba iliyosomwa na kifaa ambacho madereva hukiita tochi.

Tochi ya rada hurusha mawimbi ya redio yenye idadi maalumu ya mitetemo kwa sekunde, na mawimbi hayo yakigonga gari linalokuja hurudi yakiwa yamebanana, yaani mitetemo yake imeongezeka, kwa kanuni iliyoelezwa na mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, mwaka 1842. Kwa rada ya mitetemo bilioni 24.15 kwa sekunde, kila kilomita moja ya mwendo kwa saa huongeza mitetemo ipatayo 45, hivyo gari la kilomita 80 hurudisha ongezeko la takriban 3,580, na hesabu hiyo ndiyo huonyeshwa kama mwendo. Kifaa hupima tu sehemu ya mwendo inayokielekea, ndiyo maana askari aliyesimama pembeni kwa nyuzi 20 kutoka kwenye mstari wa gari husoma kilomita 75 pale gari linapokwenda 80. Dereva anayelalamika kwamba trafiki alikaa pembeni ili amwongezee mwendo, basi, analalamikia kitu kilichompunguzia.

Hatari ya kweli iko kwingine. Mwali wa rada hutanuka kadiri unavyokwenda, na ule wenye upana wa nyuzi 12 huwa umefikia zaidi ya mita 60 ukiwa mita 300 kutoka kwa askari, hivyo hufunika barabara nzima pamoja na kingo zake. Na kwa kuwa kifaa hakisomi namba za usajili, huchukua mwangwi wenye nguvu zaidi, ambao waweza kuwa wa lori linaloteremka kasi nyuma ya gari dogo. Feni ya gari la askari mwenyewe nayo yaweza kuzaa namba. Mwaka 1979, mahakama moja ya Florida, Marekani, ilielezwa jinsi rada ilivyosoma mnazi ukikimbia maili 86 kwa saa, sawa na kilomita 138, na nyumba ikitembea maili 28, na Hakimu Alfred Nesbitt akakataa ushahidi wa rada katika mashauri yaliyokuwa mbele yake.

Tochi ya leza hufanya kazi tofauti: hurusha vipigo vya mwanga usioonekana, hupima muda wa kila kipigo kwenda na kurudi, kisha hukokotoa jinsi umbali unavyopungua. Mwali wake kwa mita 300 huwa na upana wa takriban mita moja, kwa hiyo huchagua gari moja. Lakini mkono ukiteleza, mwali ukahama kutoka kwenye kioo hadi kwenye bampa, umbali hubadilika bila gari kuongeza mwendo. Kifaa kilichoundwa vizuri hulinganisha vipimo vingi ndani ya sehemu ya sekunde, na visipolingana hukataa kutoa namba.

Kinga nyingine zote ziko mikononi mwa askari. Hutakiwa kwanza kukadiria mwendo kwa macho, kulifuatilia gari hilohilo kwa sekunde kadhaa huku namba ikitulia, kuepuka mahali penye vyuma vikubwa vinavyorudisha mwangwi, na kukijaribu kifaa kabla na baada ya zamu, kwa rada akitumia chuma cha ncha mbili ambacho kikigongwa hutetema kwa kiwango kinacholingana na mwendo unaojulikana.

Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Pampu ya mafuta na mizani ya dukani huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika ambayo mteja huiona, na hakuna sababu kifaa kinachomtoza mtu faini, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh30,000 kwa kosa moja, kisiwe na alama ya uhakiki inayoonekana hivyohivyo. Hati ya faini nayo ingepaswa kuonyesha aina ya kifaa, umbali wa gari lilipopimwa, magari yaliyokuwa karibu nalo, pamoja na tarehe ya jaribio la mwisho. Basi la abiria lina shahidi wa pili, kwa kuwa mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) wa kufuatilia mabasi hurekodi mwendo wake kupitia setilaiti. Mwenye gari dogo mbele ya lori hana chochote ila karatasi aliyokabidhiwa.